Hotpoti Chini ya Meza ya Wachina

Mlioniacha wiki jana nikiwa nimeshika kichwa kwa mikono miwili, mikono bado iko kichwani. Haijashuka.

Kwa aliyechelewa kuingia, nitamweleza upesi, maana aibu yangu ni ndefu na gazeti ni fupi. Mimi ni Mama Kavata wa Katelembo, muuza mitumba hapa Machakos mjini, na masomo yangu yalikomea darasa la saba. Binti yangu Kavata, mwalimu wa nasari, amepata mchumba. Anaitwa Mike, kijana mpole, kazi yake kiwandani Athi River. Watu wake wakatuma salamu kwamba wanakuja kutuona. Wiki hiyohiyo upepo ukang'oa mabati ya jikoni kwangu, na kideri kikamaliza kuku niliokuwa nimewawekea wageni, wote, hata jogoo aliyekuwa akinidharau.

Na Kavata, nawaambia ninyi tu, baba yake hajui, alikuwa ameanza kutapika asubuhi.

Mwanamke mwenye akili timamu angeazima jikoni kwa jirani, achinje mbuzi, watu wale uani. Mimi nilisema tutawapeleka kwa Wachina.

Hoteli hiyo ilikuwa imefunguliwa mwezi huo, ghorofani, karibu na stendi. Hakuna hata mama mmoja wa chama chetu cha kanisa aliyekuwa ameikanyaga. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yangu, msinitafutie nyingine nzuri zaidi.

Kosa la pili lilikuwa la mdomo. Watu wa Mike si wa Athi River. Ni wa Kivaa, kule Masinga, wakulima kama sisi. Lakini kila aliyeniuliza nilimjibu, "Wakwe zangu? Ni watu wa Athi River." Nilisema sokoni. Nilisema kanisani. Nilisema hata kwa Katunge, jirani yangu tunayepakana ua.

Mshikilieni huyo Katunge, msimwachilie.

Katunge anaishi peke yake, hana mume wala mtoto tunayemjua. Mkono wake wa kushoto haunyooki, umekunjika kwenye kiwiko kama mpini wa kikombe. Lakini kwa ule mmoja mzima anatwanga mahindi kuwashinda wenye miwili, na muthokoi wake, yale mahindi yaliyokobolewa akayapika na ndengu, wallahi, ukiula unasahau una deni la mazishi. Siku moja, malaria imemshika, aliniambia, "Mama Kavata, mimi naweza kuishi na mtu yeyote. Ila mtu wa Kivaa asijue niko wapi."

"Kwani Kivaa kuna nini?"

Akautazama ule mkono. Sikuuliza tena. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu kukosa kuuliza.

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyojichimbia shimo kwa kijiko.

Ijumaa jioni nikaanza kuwaza. Je, wageni wasiposhiba? Mgeni wetu ukimwacha aende na njaa, atayasema mpaka kwa mifugo. Nikakimbia kwa Katunge.

"Dada, nipikie muthokoi kidogo. Ni wa akiba tu."

"Hao watu wako wa Athi River watakula muthokoi?"

"Nani anajua? Wasipoutaka nitaula mwenyewe."

Akacheka. "Nitakuwekea kwa hotpoti yangu kubwa. Lakini kesho mchana naihitaji, niko na chakula cha watu wa matanga. Wewe usijisumbue kuirudisha. Nikitoka sokoni nitapitia hapo hotelini niichukue."

"Pitia tu, dada," nikasema. "Uwaone wakwe."

Ndiyo, nilimwalika mimi.

Jumamosi wakafika. Mzee Wathome, baba yake Mike, amevaa koti na kofia, fimbo mkononi. Pamoja naye dada yake, Ngina, ndiye aliyemlea Mike, kwa sababu mama yake Mike, tuliambiwa, alikufa Mike akiwa bado mtoto wa mgongoni. Upande wetu tulikuwa mimi, Kavata, na mume wangu Reuben, ambaye tangu nimjue husema "ndiyo" na "kumbe".

Ilikuwa mara ya kwanza mimi na Mike kuwa chumba kimoja, na kwetu mama mkwe na mkwe hawakodoleani macho wakitafuna. Kwa hiyo nikachagua kiti cha pembeni kabisa, karibu na kile kisetiri cha mbao chenye picha za korongo ambacho Wachina walikisimamisha kati ya mlango na meza kubwa. Mguu mmoja upande wa meza, mmoja upande wa mlango. Hotpoti nikaisukuma chini ya meza, nikaifunika kwa leso.

Mzee Wathome hakuzunguka. "Reuben, mimi ni mtu wa zamani. Mambo ya mbuzi wa ntheo siongei tumbo likiwa tupu. Nikishiba, nitatoa neno. Nisiposhiba, neno litarudi nami Kivaa."

"Ndiyo," akasema Reuben.

Mnajua ntheo. Mbuzi hao wasipokuja, binti hata akizaa watoto kumi bado ni msichana wa kwao. Na wangu alishaanza na wa kwanza. Nikamtazama yule mzee tumboni. Maisha ya mtoto wangu yalikuwa yamelala pale, nyuma ya vifungo vitatu vya koti.

Mhudumu akaja. Alikuwa Josphat wa Kyumbi, amevaa shati jeupe nililomuuzia mimi mwenyewe, na kola nilikuwa nimemwambia ataigeuza.

"Josphat, tuletee kile kinachoshibisha."

"Mama, hapa vyote ni vizuri."

"Sijauliza uzuri."

Akanisomea orodha ya vyakula. Aliposema kuna supu ya mahindi na kuku, nikapiga meza kwa furaha. Mahindi! Kuku! Kumbe Mchina ni Mkamba aliyepotea njia! Nikaagiza mabakuli sita, nikaagiza kuku mwingine wa kukaangwa, na wali.

Vijiti vikatangulia. Ngina akavipima kwa kidole. "Mama Kavata, tukimaliza kula tutafuma sweta?"

"Ni desturi yao, mwaitu."

"Sawa. Mimi sikuja na uzi."

Supu ikaja. Mzee akatia kijiko, akakiinua, akakimimina. Akatia tena.

"Mahindi yako wapi?"

"Yamo, mzee. Koroga."

Akakoroga. "Naona yalikuja kuoga, yakaenda."

Nikacheka kwa nguvu, peke yangu. Wali ukaja katika vibakuli vya kumpimia mtoto dawa. Kisha kuku. Wakamweka katikati ya meza, juu ya kioo kinachozunguka. Mzee akanyoosha mkono. Ngina, upande ule mwingine, hakujua, akakivuta kioo aone kuna nini. Kuku akampita mzee.

"Ananikimbia!" mzee akasema.

"Zungusha, baba," akasema Mike.

Mzee akazungusha kama anayekoroga saruji. Kuku akatupita sote, akarudi kwa Ngina. Reuben alikuwa wa kwanza kuelewa mchezo: alikuwa amenyamaza, uma wake umesimama mahali pamoja, na kila chakula kikipita anachoma kimoja. Ndoa yetu ina miaka mingi na sikuwahi kujua mume wangu ana akili hivyo.

Mwishowe kuku akasimama mbele ya mzee. Akafukua. Akafukua tena. Akaweka uma chini polepole.

"Mama Kavata. Huyu kuku hana mguu. Hana mgongo. Hana mfupa hata mmoja. Haya, nimevumilia. Firigisi imeliwa na nani?"

Ninyi mnajua. Mzee akija kwako kwa mambo ya binti, firigisi ni yake. Kumnyima ni kumwambia yeye ni mtoto.

Nikamshika Josphat shati. "Firigisi!"

"Mama, hapa kuku huja bila."

"Bila nini?"

"Bila historia. Anatoka Nairobi amekatwa, yuko kwa karatasi."

"Mwambie mwenye hoteli kuna mkwe hapa!"

"Nitamwambiaje mkwe kwa Kichina?"

Kavata akainamia sahani. "Mama, nilikuambia tukodishe hema," akanong'ona. Alikuwa ameniambia kweli. Aliniambia tukiwa jikoni kusikokuwa na mabati, mvua ikitunyeshea, na mimi nikamjibu kwamba yeye hajui dunia.

Mzee akajipangusa mdomo, ingawa hapakuwa na kitu cha kupangusa. Akachukua kofia.

"Tumshukuru Mungu. Reuben, tutaonana siku nyingine."

"Ndi—" Reuben akaanza.

"Bado!" nikapiga kelele. "Mzee, bado! Hayo yalikuwa ya kufungua koo tu!"

Nikaingia chini ya meza. Mzima mimi, na gauni langu la Pasaka. Nikatoka na hotpoti, nikaiweka juu ya kile kioo, nikafungua. Harufu ikapanda. Watu wa meza ya pili wakageuka. Ukutani, juu ya kichwa changu, palikuwa na tangazo la herufi nyekundu kwamba chakula cha nje hakiruhusiwi. Ndipo nilipoliona.

Mwenye hoteli, mama Mchina mfupi mwenye aproni, akatoka jikoni mbio. Nikajua sasa tunatupwa ngazini. Akasimama juu ya hotpoti. Akanusa. Akamwambia Josphat maneno mawili matatu kwa Kiingereza.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza kama anaweza kupewa kidogo. Na anaenda kuleta mabakuli makubwa."

Nilitamani sakafu inimeze. Nilikuwa nimemkalia mama huyu masaa mazima nikilaani kuku wake, na sasa alikuwa ananiletea bakuli kwa mikono miwili.

Mzee Wathome akaweka kofia chini. Akala kijiko kimoja. Akala cha pili. Akafungua kifungo cha koti. Mimi nikahesabu hicho kama baraka.

Bakuli la kwanza likaisha. Akanyoosha la pili. Akafungua kifungo kingine.

"Nani amepika?"

Akina mama wenzangu, hili ndilo ninalowaandikia. Mngesema nini? Kweli ilikuwa rahisi: jirani. Neno moja. Lakini nilimwona mkwe anashiba, nikaona nafasi ya binti yangu kusifiwa, na mdomo wangu haujawahi kuingoja akili.

"Ni Kavata!"

Kavata akapaliwa. Huyu ni mtoto anayeunguza chai.

"Kumbe," akasema Reuben, ameshangaa kweli.

Mzee akamtazama Kavata, macho yamelainika. "Basi mwanangu amepata. Reuben, neno langu ni hili. Mwezi wa nane, tukishavuna…"

Nikashika meza. Nikaona mbuzi wanapanda ngazi.

"…lakini kwanza, niambie binti. Hizi ndengu zimekaangwa kavu kabla ya kuchemshwa. Nani alikufundisha?"

Kavata hajui kudanganya, hilo alirithi kwa baba yake. "Mama ndiye anajua," akasema.

Mzee hakunitazama bado. Akasukuma kioo, bakuli likaenda taratibu mpaka kwa dada yake. "Ngina. Onja."

Ngina akaonja. Kijiko kikamtoka mkononi.

"Kivaa nzima," mzee akasema, "palikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa akikaanga ndengu hivi. Mama mkwe wake alimgombeza, akaendelea. Sivyo, Ngina?"

"Ni yeye," Ngina akasema kwa sauti ndogo. "Huu ni mkono wake."

"Nani?" akauliza Mike.

Ngina akainama kuokota kijiko.

"Shangazi, nani?"

"Mama yako alikuwa akipika hivi," akasema Ngina, anatazama kitambaa cha meza.

"Mama? Lakini mama alikufa."

Mzee Wathome alikuwa amekaza mkono kwenye fimbo. "Alitoka nyumbani kwangu kabla ya jogoo kuwika. Alikuacha mgongoni kwa shangazi yako. Kwangu mimi huyo amekufa. Ndivyo nilivyokuambia, na ndivyo ilivyo."

Nikaitazama ile fimbo. Halafu, bila kutaka, nikauona mkono wa Katunge. Ule uliokunjika kama mpini wa kikombe.

Ngai wangu. Mchana kutwa nilikuwa nikipiga magoti mbele ya tumbo la mtu huyu.

"Mama Kavata." Sasa alinitazama. "Kavata hajui kupika huu. Wewe hujui, ungejua usingetuleta hapa. Mwenye mkono huu yuko wapi?"

"Mzee, nilinunua tu sokoni, kwa watu…"

"Usinidanganye mara ya pili siku moja. Neno langu nimelishika hapa. Niambie aliko, na mbuzi watakuja hata wiki ijayo. Ukinificha, nitajua mnamweka mke wangu na bado mnataka mtoto wangu. Hapo hakuna ndoa. Leo wala kesho."

Nikamtazama binti yangu. Katunge ndiye aliyemfundisha kusuka kiondo. Katunge ndiye aliyemshikia kichwa akitapika, kabla hata mimi sijajua. Mkono mmoja wa Kavata ulikuwa tumboni. Alitikisa kichwa. Kidogo tu. Hapana, mama. Usiseme.

"Kwani," Reuben akasema, na mume wangu huyo, ambaye hakuwahi kuwa na neno la tatu, siku hiyo alilipata, "kwani huu si ni ule wa…"

Nikamrushia teke. Nikagonga mguu wa meza. Kioo kikazunguka, mabakuli yakalia, kifuniko cha hotpoti kikaanguka na kubingirika sakafuni, kikapita kisetiri, kikaenda kulala mlangoni.

Na mlangoni nikasikia ngazi zinapandwa.

"Hodi hapa! Mama Kavata! Hotpoti yangu imekwisha kuliwa?"

Nilijaribu kusimama. Gauni la Pasaka lilikuwa limebanwa na mguu wa kiti. Nikavuta, likapasuka, na wakati ninavuta, Mike alishainuka. Mnamlaumu? Kijana aliyelelewa vizuri akimsikia mama mwenye mzigo mlangoni, hakai. Sijui kama alikuwa anakimbia macho ya baba yake. Alizunguka kisetiri, akaokota kifuniko, akanyoosha mkono.

Mimi, kwa ile tamaa yangu ya kukaa pembeni, ndiye peke yangu niliyeona pande zote mbili. Huku, mzee na fimbo yake, hajaona kitu. Kule, Katunge, jasho usoni, kiondo kimejaa sukumawiki, anampa Mike mzigo kwa mkono wake mzima.

"Asante sana, kijana." Akamtazama juu mpaka chini, akatabasamu, maana ni mtu wa kupenda watoto wa watu. "Ni wewe ndiye bwana arusi wetu? Yule wa Athi River?"

Nikafungua mdomo. Ule mdomo wangu ambao umesema sokoni, umesema kanisani, umesema hata usipoulizwa. Haukutoa kitu.

"Athi River ni kazi tu, mama," Mike akajibu kwa adabu. "Kwetu ni Kivaa."

Tabasamu la Katunge likabaki usoni, lakini mwenyewe hakuwemo tena ndani yake. Mkono wake haukukiachilia kiondo. Mike naye alikuwa amekishika mkanda. Wakasimama hivyo, mzigo katikati yao.

Na nyuma yangu nikasikia fimbo ikigonga sakafu, mara moja, kama inavyogonga mtu akijiinua kitini.